Kiatu Kimoja cha Eucabeth

Ken alipotoroka na mwanamke wa ng'ambo ya mpaka, alibeba redio, godoro, sufuria kubwa, na hata taulo iliyokuwa bado imelowa kwa kamba. Viatu vyake vya ngozi, vile vya kanisa, alibeba kimoja. Kingine kilibaki chini ya kitanda, kimelala kwa ubavu kama mlevi. Mpaka leo hakuna mtu Muhuru Bay anajua kama ilikuwa haraka ama dharau. Kuachwa ni kawaida, dunia imejaa mabwana wa kutoroka. Lakini uachwe na kiatu cha mguu wa kushoto?

Eucabeth, mkewe, alilia. Tusimwongezee sifa, alilia mpaka kamasi. Lakini alilia akianika omena, wale dagaa wa ziwa, na huyu mwanamke ana shida moja tangu azaliwe kule Magunga: akilia kwa muda mrefu, kilio kinashika mdundo. Kufikia Ijumaa kilikuwa na kiitikio. *Umeniachia kiatu kimoja, huo mguu mwingine unatembea na nani?* Wanawake wa kuanika wakaanza kuitikia huku wamekunja mgongo, na aliyekuwa anacheka akajikuta anapangusa macho.

Usidhani alikuwa mgeni kwa kuimba. Kuanzia Magunga mpaka Muhuru, mtu akifa, kwanza wanatafuta jeneza, pili wanatafuta Eucabeth. Na kule mwimbaji hali kwa wimbo, anakula kwa majina. Wimbo ukikolea, mtu anainuka na noti, anasimamisha ngoma, anambandika mwimbaji hiyo noti kwa paji la uso, anamnong'oneza jina, na mwimbaji anamwaga sifa. Inaitwa pakruok. Ukitoa hamsini, wewe ni mtu mzuri. Ukitoa mia mbili, wewe ni simba. Ukitoa elfu moja, Eucabeth atatangaza kwamba babu yako ndiye alichimba hili ziwa, na mkono, kabla ya chai ya saa nne. Kila mtu anajua ni uongo, na babu mwenyewe akiwa hapo anacheka. Ndiyo raha yake. Hakuna mtu amewahi kubeba sifa za matanga akazipeleka mahali kama ushahidi.

Hakuna mtu, mpaka Oliver.

Oliver ni kijana wa Uriri, miaka ishirini na nne, ndevu saba. Studio yake iko Migori mjini nyuma ya duka la kava za simu, na ukutani amebandika trei za mayai ili sauti isitoroke. Liz, binamu yake Eucabeth anayesuka nywele pale Muhuru, ndiye alimpeleka. Bei ilikuwa elfu tano. Eucabeth alikuwa na elfu mbili na gorogoro moja ya omena, ule mkebe wa kupimia.

"Mathe, omena siwezi weka kwa laptop," Oliver akasema, lakini akaisogeza karibu na mguu wake.

"Sasa tufanye aje, kijana?"

"Hiyo ingine nimalizie na pakruok. Mwanzo wa ngoma. Lakini iwe nzito, si ile ya hamsini."

"Nikikusifu mimi, mamako atakuuliza wewe ni nani."

Akaimba kwa Kiswahili, kwa sababu Oliver alisema Dholuo peke yake haitavuka daraja la Migori. Alisimama mbele ya maikrofoni, akafumba macho, akamlipa kijana deni lake lote kwa pumzi moja:

"Oliver wuod Uriri! Wimbo huu ni wako, mimi ni nani? Wewe ndiye uliutunga, wewe ndiye uliniumba! Mimi sina koo, koo ni lako. Ukiniwasha naimba, ukinizima nanyamaza!"

Liz alipiga vigelegele. Hata Oliver alishtuka, akashika ndevu zake kuona kama bado ni saba. Halafu Eucabeth akaingia kwa wimbo wenyewe, akauimba mpaka mwisho.

Ikafika mambo ya kuupandisha kwa zile app za muziki.

"Uko na email?" Oliver akauliza.

"Niko na namba ya simu."

"Basi naweka email yangu na jina langu kwanza. Tutapanga."

Tutapanga. Hilo neno limezika Wakenya wengi kuliko malaria, na Eucabeth akaitikia, "Sawa, tutapanga."

Miezi minne, kimya. Wimbo ulikuwa umesikilizwa mara sitini na mbili, na arobaini kati ya hizo alikuwa Liz akisuka watu. Halafu msichana mmoja wa Nairobi, ameachwa juzi, akajirekodi akichechemea na kiatu kimoja kwa sekunde kumi na tano. Moto ukashika. Bibi harusi wakachechemea na gauni. Mwalimu akachechemea na darasa zima. Mzee mmoja wa Pwani mwenye mguu mmoja akavaa kiatu chake kimoja, akacheka na kamera, akaandika, "Mimi nilianza kabla yenu." Huyo alipata laki tatu za kupendwa.

Eucabeth aliletewa habari na Moraa, mnunuzi wa omena kutoka Kisii, anayekuja siku za soko tu na kuondoka na magunia. Moraa aliingia akichechemea katikati ya nyavu za kuanikia, simu juu.

"Eucabeth, umesikia hii ya Oliver? Sikiliza, dada, hii itakuua."

Eucabeth alisikiliza. Akaweka karai chini.

"Moraa, hiyo ni mimi."

Moraa alicheka mpaka akakalia gunia. "Wewe? Wacha wewe! Hii ni kompyuta. Oliver alisema kwa redio, yeye anaandika maneno, mashine inaimba. Si hata hapo mwanzo inasema yenyewe? Ati ndiye aliiumba, ati akiizima inanyamaza. Mtu anaweza ongea hivyo?"

"Ni pakruok hiyo! Nilikuwa namsifu! Na kiatu ni cha Ken, kiko kwa nyumba, twende nikuonyeshe."

"Kila mtu ameachwa na kiatu siku hizi," Moraa akasema, akipangusa machozi ya kicheko. "Haya nipimie, na usiweke mchanga."

Jioni Liz alimsomea komenti huku Eucabeth ameketi kwa stuli, kiatu cha Ken kwa mapaja. Watu walikuwa wametoa roho.

"Huyu anasema, 'Oliver, hiyo AI yako inalia kama mathe akiona ripoti fomu.'"

"Soma ingine."

"'Kama hata mashine inaachwa na wanaume, sisi tuna nafasi gani?'"

"Ingine."

Liz alivuta simu karibu. "'Hii haiwezi kuwa sauti ya mtu. Mtu mwenye uchungu hivi angekuwa ameshakufa.'"

Eucabeth akagonga kiatu kwa goti. "Andika hapo ni mimi. Andika jina langu lote."

Liz akaandika: hii ni sauti ya Eucabeth, nyar Magunga, yaani binti wa Magunga, anauza omena Muhuru Bay. Kabla hajaweka simu chini, majibu yalikuwa yamefika. "Na laptop ya Oliver ni shangazi yangu." "Omena imemwingia kichwa." "Mama, tumia hiyo nguvu kutafuta kiatu cha pili." Kicheko, kicheko, uso wa fuvu, kicheko.

Muhuru nzima ilijua ni yeye. Muhuru nzima ni watu wangapi? Wimbo ulikuwa umefika milioni tatu.

Wiki hiyo akaenda Migori. Trei za mayai zilikuwa zimetolewa na mahali pake pana sponji nyeusi. Oliver alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha.

"Mathe! Malkia! Keti, keti. Umeona tumefika wapi?"

"Umefika. Mimi niko Muhuru."

"Kama ni pesa, wacha nikuonyeshe ujinga." Akageuza simu. "Ona, milioni tatu. Sasa ona hapa chini. Elfu kumi na nne, miezi sita. Zile video za kuchechemea zinalipa ya kununua maji. Na watu wetu wanasikiliza ile ya bure yenye matangazo. Hiyo ni mbuzi wawili pale soko la Ogwedhi, tena wale hawajashiba."

"Na hiyo miwani ni ya mbuzi?"

Oliver alicheka, hakuwa mtu wa kukasirika. Hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. "Miwani ni ya shoo. Pesa iko kwa shoo, mathe. Klabu inaita, harusi inaita, na wanaita jina lenye wanaona hapa." Akagonga kioo kwa ukucha, juu ya jina lake.

"Basi andika langu. Mbuzi kaa nao. Andika tu Eucabeth."

"Nikigusa jina saa hii hesabu inarudi sifuri."

"Hiyo ni ukweli?"

"Si ukweli," akasema, bila hata kuona haya. "Ukweli ni kwamba watu wanapenda mashine. Mashine ikilia ni maajabu. Wewe ukilia ni Jumanne."

Eucabeth aliangalia gorogoro yake, ile ya siku ya kwanza, iko pale kwa kona imejaa nyaya.

"Na kwa redio umesema nini kuhusu kiatu?"

"Nilisema niliachwa na dem akabeba kiatu changu kimoja. Walilia, mathe! Mtangazaji alilia live!"

Kwa hivyo sasa hata kuachwa hakukuwa kwake.

Liz hakukubali. Alikaa na simu siku mbili, akapeleka malalamiko kwa wenye app, akajaza kila kijisanduku. Jibu likaja kwa Kiingereza cha suti. Liz alilisoma mara tatu kabla ya kulitafsiri.

"Wanasema wamesikiliza wimbo. Wanasema mwanzoni kabisa mwimbaji mwenyewe anatangaza wimbo ni wa Oliver, Oliver ameutunga, na hata yeye mwimbaji ameumbwa na Oliver."

"Waambie ni pakruok!"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wameuliza hiyo Pakruok ni kampuni gani, na kama iko na barua ya umiliki."

Basi wakaurekodi upya. Walijifungia kwa nyumba ya Liz, blanketi tatu dirishani, Eucabeth akaimba kwa simu, bila sifa za mtu yeyote. Aliimba vizuri kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa alikuwa ameachwa mara mbili. Wakaupandisha kwa jina lake. Siku tatu akawa mwimbaji mwenye jina: wasikilizaji arobaini na mmoja. Alikuwa anamuuliza Liz kila saa, "Bado niko?" na Liz anajibu, "Bado uko." Siku ya nne hakuwako. Ile app ilikuwa imelinganisha sauti, ikakuta ni ile ile ya wimbo wa Oliver, ikafuta wimbo na kufunga akaunti kwa wizi. Kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze, kitu fulani huko ndani kilikuwa kimekubali kwamba hizo ni sauti moja. Kilikubali ili kimwite mwizi.

Ndipo likatoka tangazo la shoo ya Homa Bay. Oliver, mchana kutwa, uwanjani. Ukija na kiatu kimoja mkononi unaingia nusu bei.

"Twende," Eucabeth akasema.

"Kufanya nini?" Liz akauliza.

"Nitaimba mbele yao. Koo langu ninalo hapa. Watu wana masikio, Liz, si kama hizo mashine zenu. Wakinisikia kwa mdomo wangu watajua." Akakipaka kiatu cha Ken hata rangi, akakifunga kwa leso. "Na nikionyesha hiki, nani atabisha?"

Mpango mzuri. Kasoro yake ilionekana walipofika getini. Uwanja wote ulikuwa na watu wameinua kiatu kimoja. Raba, kandambili, buti za shambani, visigino vya harusi, kiatu cha mtoto, vyote juu vikicheza kama samaki wamemwagwa. Eucabeth alifungua leso, akainua ushahidi wake, na ukapotea hapo hapo kati ya viatu elfu mbili.

Lakini Liz ana mdomo, na viwiko pia. Alimsukuma binamu yake mpaka mbele, akipiga kelele, "Mwenye sauti yuko hapa! Mpeni maiki!" Mshereheshaji, kijana wa kutafuta kicheko popote, akaona mama amefunga leso kiunoni, ana harufu ya omena na kiatu cha mwanaume. Zawadi gani kubwa kuliko hiyo? Akampandisha.

"Mama anasema yeye ndiye sauti!" Uwanja ukacheka. "Tumpe nafasi ama tusimpe?"

"Mpeee!"

Eucabeth alishika maiki kwa mkono mmoja na kiatu kwa mwingine. Akafumba macho. *Umeniachia kiatu kimoja...*

Na uwanja ukanyamaza, kweli. Mstari wa kwanza, mstari wa pili. Muuza soda mmoja alishusha kreti. Kama ungesimama pale ungesema, ameshinda. Mwenyewe alihisi, na sauti ikazidi kufunguka, ikafika kule kulikomtoa kamasi ile wiki ya kwanza.

Halafu mtu wa nyuma akapiga kelele, "Wueh! Mathe anaigiza AI poa sana!"

Makofi! Miluzi! Kicheko cha kufungua uwanja.

"Siigizi!" Eucabeth akasema kwa maiki. "Mimi ni Eucabeth! Nyar Magunga! Huu wimbo..."

"Na anaongea pia!" mshereheshaji akadakia, na watu wakafa.

Oliver akatoka nyuma ya spika, miwani, tabasamu, simu mkono mmoja ikirekodi, noti ya elfu moja mkono wa pili. Akatembea polepole kama mjomba wa matanga, akambandika Eucabeth ile noti kwa paji la uso. Jasho likaishika. Akamwinamia sikioni kama inavyotakiwa.

"Mathe. Oliver wuod Uriri. Nisifu."

Miaka kumi na tano, kila noti iliyogusa lile paji ilifungua ule mdomo. Ulifunguka hata sasa.

"Oliver wuod Uriri!" akaanza, na sauti ilikuwa ile ya pakruok kabisa, kubwa, ya kuamsha maiti. "Oliver mwizi! Mwizi wa koo, mwizi wa kiatu! Babu yako hakuchimba ziwa, babu yako aliiba maji! Oliver, umeiba hata kuachwa kwangu! Oliver mwizi! Oliver mwizi!"

Homa Bay haijawahi kufurahi hivyo. Walidaka maneno, wakayarudisha kwa mdundo, *Oliver mwizi, Oliver mwizi*, wakiruka, wakirusha viatu jukwaani. Mshereheshaji alilia kwa raha. Oliver mwenyewe alikuwa anacheza, simu imeinuliwa vizuri, haitetemeki. Kijana mmoja wa mbele akaona kiatu cha ngozi kimepakwa rangi, akakichomoa mkononi mwa Eucabeth, akakirusha hewani na vingine.

Watu walipoondoka, jukwaani palibaki lundo. Eucabeth na Liz walilichambua mpaka mfagiaji akawasimamia na ufagio.

"Mama, mnatafuta ya kulia ama ya kushoto?"

"Ya kushoto," Eucabeth akasema.

"Ziko mingi. Si ubebe yoyote?"

Alirudi Muhuru mikono mitupu. Noti ya elfu moja ilitosha nauli yao wawili na ikabaki ya unga.

Siku ya tatu Liz alikuja akikimbia, halafu alipokaribia akapunguza mwendo, kama mtu amekumbuka habari anayobeba ni ya aina gani. Oliver alikuwa ametoa wimbo mpya. Ni ule ule, ameuongeza kasi, na pale ngoma inapopasuka inaingia sauti ya mwanamke ikipiga kelele: *Oliver mwizi! Oliver mwizi!* Ulikuwa umepita ule wa kwanza kwa siku mbili.

"Na jina?" Eucabeth akauliza. "Ameandika nani?"

"Ameandika Oliver..." Liz akaangalia kioo tena. "Oliver na Mama Omena."

"Mama Omena."

"Angalau sasa umeandikwa, dada."

Eucabeth alimwangalia mpaka Liz akaona afadhali aende akasuke mtu.

Siku ya soko Moraa akaja na magunia yake. Sasa alikuwa ameshaamini kwamba Mama Omena ni yeye, tena kwa kelele. "Mama Omena! Na ulikuwa unanificha! Kisii nzima nimewaambia wewe ni rafiki yangu. Hebu imba ile ya mwizi nirekodi, hawataki kuamini."

"Moraa, niko na kazi."

Ni kweli, mikono yote miwili ilikuwa ndani ya omena mpaka kwa viwiko. Moraa akatafuta kwa sidiria, akatoa noti ya mia moja, akaibandika kwa lile paji lenye jasho. Ikashika. Eucabeth hakuwa na mkono wa kuitoa.

Wanawake wa kuanika wakaacha kazi. Simu ikainuliwa.

Na mdomo ukafunguka. Aliimba *Oliver mwizi* yote, mwanzo mpaka mwisho, noti inapepea juu ya jicho lake, omena zikidondoka kwa vidole.

Moraa aliitazama ile video, akaiweka karibu na sikio, akacheza ile ya Oliver, akarudia yake mara ya pili. Akaifuta.

"Haifanani," akasema, akinyoosha mkono kuchukua mia yake. "Ile ya kompyuta iko na uchungu zaidi."